Wenye Elimu, Wenye Biashara na Mwenye Shamba

Katika mwaka huu wa kumi wa chama chetu kikuu, si vema tusimulie habari za ghala na mizani peke yake. Kila mwanachama ajua jinsi mvua zilivyoacha desturi yake: vuli huchelewa, masika hukatika kabla ya mahindi kukomaa, na kahawa huchanua mara mbili tatu hata mvunaji asijue aanzie wapi. Kwa sababu hiyo halmashauri imependekeza kwamba kamati yetu ya miti na maji iongezewe washauri wawili, mmoja mtu wa chuo kikuu na mwingine mtu wa biashara. Mkutano mkuu ujao ndio utakaoamua.

Maneno yamekuwa mengi vijijini. Wako wasemao kwamba wageni hao watakuja kutunyang'anya chama. Wako wengine wasemao kwamba mkulima hana elimu ya mambo haya, basi na awaachie wenye elimu wayaendeshe. Sisi wa ofisi ya katibu tumeona heri, kabla ya kura kupigwa, tuwaeleze wanachama habari za vyama viwili vilivyotutangulia katika jambo hili, ili kila mtu apime mwenyewe.

Chama cha kwanza kilizaliwa Ulaya. Mwezi wa Aprili 1968 watu wapatao thelathini walikutana mjini Rome, Italia. Waliowaita walikuwa wawili: Aurelio Peccei, mfanyabiashara Mwitalia aliyekuwa ameshika kazi kubwa katika makampuni ya Fiat na Olivetti, na Alexander King, mtaalamu wa sayansi kutoka Scotland. Mkutano wenyewe haukufikia mapatano, lakini wachache hawakukata tamaa, na kwa jitihada yao kikasimama chama kilichoitwa Klabu ya Roma. Madhumuni yake hayakuwa kutafuta faida, bali kuchungua mambo yatakayowapata wanadamu wote siku za mbele.

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya biashara na elimu kushikana mikono. Peccei alijua kutafuta fedha na kuwafikia wakubwa. Wataalamu walijua kupima na kuhesabu. Fedha zilitoka katika mfuko wa Volkswagen wa Ujerumani, na kazi ikafanywa na wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, wakiongozwa na Dennis Meadows. Mwaka 1972 kikatolewa kitabu The Limits to Growth, maana yake Mipaka ya Ukuaji, ambacho mwandishi wake mkuu alikuwa Donella Meadows. Kilionya kwamba dunia haiwezi kuongeza viwanda, ulaji na uchafu pasipo kikomo. Kadhalika kilitaja hewa ya kabonidayoksaidi, itokayo katika kuchoma makaa ya mawe na mafuta, ambayo huzuia joto lisitoke duniani. Hewa hiyo ilianza kupimwa mfululizo mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Siku hizi imepita 420.

Basi wenye elimu na wenye biashara waliliona jambo hili mapema, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini klabu ile ilikuwa ya watu wachache walioalikwa, wala haikupata kuzidi wanachama mia moja kwa siku zile. Kitabu chake kilisomwa katika lugha nyingi, serikali zikabishana juu yake, na moshi ukazidi kupanda. Onyo lilikuwapo, mikono ya kulitenda ndiyo iliyokosekana.

Chama cha pili kilizaliwa karibu nasi, nchini Kenya. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa, mwaka 1971, naye akafundisha elimu ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipokuwa akitafuta kupe mashambani ili achunguze ugonjwa wa ndigana, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo. Kisha akawasikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni, maji safi na chakula bora vimewapungukia. Ndipo alipong'amua kwamba shida hizo zote zilikuwa na shina moja, nalo ni ardhi iliyovuliwa miti.

Kwanza alijaribu kwa njia ya biashara, akaanzisha kampuni ndogo ya miche iliyoitwa Envirocare. Haikudumu. Ndipo alipolipeleka wazo lake kwa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni 1977 ikapandwa miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement.

Idara ya Misitu iliahidi miche ya bure, lakini wanawake walipoomba mingi kuliko ilivyodhaniwa, ikataka ilipwe. Tena mabwana miti waliotumwa kuwafundisha walitumia maneno mazito ya kitaalamu, kana kwamba mtu hawezi kupanda mti asipokuwa na cheti. Profesa akawaambia wanawake watumie akili zao za shamba: waokote mbegu za miti ya kwao na kuziotesha hata katika vyungu vilivyovunjika. Vikundi vilianzisha vitalu vyao wenyewe, vikaandika hesabu zao na kupeleka taarifa zao. Malipo yalikuwa madogo, senti nne za Kimarekani kwa mche, lakini yalitolewa kwa mche uliomea tu, si kwa mche uliotiwa shimoni ukaachwa ufe. Ilipofika 2004, Profesa alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti iliyokwisha kupandwa ilizidi milioni 30. Profesa alifariki mwaka 2011, na chama chake kingali hai.

Ndugu wanachama, tukizipima habari hizi mbili twaona kwamba elimu ilihitajika pande zote, na fedha zilihitajika pande zote. Tofauti ni mwenye shamba. Huko Rome hakuwapo. Huku Kenya yeye ndiye aliyekuwa na kitalu, jembe na daftari.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Washauri hao wawili wakaribishwe, kwani wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wapewe kiti katika kamati, lakini wasipewe kura. Kura ni ya mwanachama, mtu mmoja kura moja, kama ilivyo desturi ya ushirika. Taarifa zao ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na kusomwa katika kila chama cha msingi, ili mkulima apate kuuliza na kujibiwa. Fedha za miti zikaguliwe pamoja na hesabu nyingine za chama. Na kila mwaka ihesabiwe miti iliyo hai, si miche iliyogawanywa.

Wajumbe watakaokuja mkutanoni wayazungumze haya kwanza na wenzao waliobaki mashambani, na hasa akina mama, ambao ndio wanaojua umbali wa kisima na bei ya mzigo wa kuni.