Karatasi za Esther

Mwaka 1786 mahakama ya Old Bailey, London, ilimhukumu Esther Abrahams, binti wa Kiyahudi, kuhamishiwa ng'ambo miaka saba kwa kuiba lesi nyeusi. Alijifungua Rosanna gerezani Newgate. Mama na mwana wakapakiwa merikebuni, wakafika Sydney mwaka 1788. Huko aliishi na Luteni George Johnston, akamzalia watoto. Ndoa ikafungwa mwaka 1814. Mjane huyo alisimamia shamba la Annandale, hata mwaka 1829 mwanawe Robert akaiomba mahakama imtangaze mwendawazimu. Alifariki mwaka 1846. Mwaka 1989 David Martin, wa kizazi chake, akawa gavana wa New South Wales. Afuataye nasaba hiyo huanzia mahakamani: karatasi zilizomvunjia heshima ndizo zilizomhifadhi.