Upatanifu si Usalama: Funzo la Mitandao Isiyo na Waya

Katika nyaraka za ununuzi wa mitambo ya ofisi, maneno "upatanifu" na "usalama" yamezoea kuandamana hata yakadhaniwa kuwa pacha. Historia ya mitandao isiyo na waya yatuonyesha kwamba mara nyingi mambo hayo mawili yamevutana.

Mwaka 1997 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kiwango nambari 802.11 cha mawasiliano ya kompyuta kwa mawimbi ya redio. Ndani yake mlikuwa na utaratibu wa kuficha ujumbe ulioitwa WEP, jina lenye maana ya "faragha iliyo sawa na ya waya". Jina hilo lilikuwa ahadi, na ahadi haikutimia. Ufunguo wa siri ulikuwa na biti 40 tu, ukaunganishwa na nambari ya biti 24 iliyopelekwa hewani bila kufichwa. Mwaka 2001 wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir walieleza jinsi mtu anayesikiliza mawimbi hayo awezavyo kuupata ufunguo wenyewe.

Tiba kamili ilidai mitambo mipya, ilhali ya zamani ilikwisha kuenea. Kwa hiyo mwaka 2003 jumuiya ya Wi-Fi Alliance ilileta WPA, iliyobuniwa makusudi iendeshwe na mitambo ile ile kwa kubadilishiwa programu tu. Hicho kilikuwa kiraka, wala si nguo mpya. Mwaka 2004 ikafuata WPA2, yenye njia imara zaidi ya kuficha ujumbe iitwayo AES, ambayo mitambo mingi ya awali haikuweza kuimudu. Mwaka 2018 ikaja WPA3. Nayo ikawekewa hali ya mpito, ili vifaa vya WPA2 visifungiwe nje. Lakini kifaa kinachoingia kwa mlango wa zamani hubaki na ulinzi wa zamani.

Ni dhahiri basi kwamba "kupatana" ni kuweza kufanya kazi pamoja. Hakusemi lolote juu ya siri kutunzwa. Mfasiri aandikapo kwamba chombo "kinapatana na mitandao yote" hana budi kukitaja pia kwa jina kiwango cha ulinzi kinachotimizwa. Asipofanya hivyo, mtumishi wa umma atatia sahihi akiamini amenunua kufuli, kumbe amenunua mlango tu.