Magharibi ya Zanzibar ni Kwetu: Tafakari juu ya Filamu ya Zamani na Pembe za Ndovu



Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walitengeneza filamu kadhaa za uhalifu ambazo visa vyake hutokea katika miji ya pwani. Iliyojulikana zaidi ni Brighton Rock ya mwaka 1947, iliyotokana na riwaya ya Graham Greene, mwandishi aliyepokewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1926. Humo Richard Attenborough aliigiza kijana mhalifu aitwaye Pinkie. Mwaka 1954 mke wake, Sheila Sim, alionekana katika filamu nyingine ya uhalifu, na safari hii bahari ilikuwa ya kwetu, yaani Mombasa na Zanzibar. Filamu hiyo iliitwa West of Zanzibar, maana yake magharibi ya Zanzibar. Juma hili tunapenda kuitafakari hii ya pili.

Mwongozaji wake, Harry Watt, alikwisha kutengeneza mwaka 1951 filamu iliyotokana na kazi ya Mervyn Cowie, mwanzilishi wa hifadhi za taifa za Kenya. Shujaa wa filamu zote mbili ni askari wa wanyamapori, Bob Payton, aliyeigizwa na Anthony Steel. Katika filamu ya mwaka 1954, watu wanaoitwa Wagalana wanaiacha ardhi yao kwa sababu ya ukame na mmomonyoko wa udongo, wanahamia karibu na Mombasa, na baadhi yao wananaswa na magendo ya pembe za ndovu. Payton anaufuata mkondo wa pembe hizo ili amkamate kiongozi wa magendo.

Tuanze na haki yake. Filamu hii haikusema kwamba jangili huzaliwa jangili. Ilianza na udongo uliokwisha na njaa iliyofuata, kisha ndipo likaja kosa. Jambo hili wakazi wa Mkoa wa Dodoma hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu makorongo ya Kondoa yalikuwa yanayameza mashamba, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipumzike. Mtu aliyepoteza shamba na ng'ombe husikia haraka sauti ya mwenye fedha. Kosa lake hubaki kuwa kosa, lakini lina chanzo chake, na hakimu mwenye hekima hukiuliza.

Hata hivyo, filamu hii inaona upande mmoja tu wa barabara. Mwenye haki ni afisa Mzungu, na mwenye kupotoshwa ni Mwafrika. Tukumbuke kwamba tangu Oktoba 1952 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, na suala la ardhi, hasa ardhi iliyotwaliwa na walowezi, lilikuwa kiini cha ugomvi ule. Tena, anayesakwa ni kiongozi wa magendo wa huku kwetu. Mnunuzi wa mwisho, yule ambaye fedha yake inaanzisha safari yote, hasakwi na mtu.

Historia yenyewe inamjua. Karne ya 19, Zanzibar chini ya Seyyid Said na warithi wake ilikuwa soko kuu la pembe za Afrika Mashariki. Marekani ilikuwa na konsuli wake kisiwani tangu mwaka 1837. Pembe zetu zilinadiwa London, zikachongwa vitasa vya visu na mipira ya biliadi. Nyingine zilivuka bahari hadi jimbo la Connecticut, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton vilizikata kuwa vibao vya piano. Jina la Ivoryton lenyewe lina maana ya mji wa pembe.

Nazo zilipita wapi? Mji wa Zanzibar na Dodoma ziko karibu sawasawa katika nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya Ikweta. Anayetoka Zanzibar akaelekea magharibi moja kwa moja atafika hapa. Misafara kati ya Bagamoyo na Unyanyembe ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, na watemi wa Wagogo wakaitoza hongo kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru uliotozwa hadharani, ndiyo sababu Burton, aliyepita mwaka 1857, na Stanley, mwaka 1871, waliilalamikia kwa maandishi. Leo neno lile lile lina maana ya rushwa inayotolewa gizani. Mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, pembe zilishuka hadi pwani, na anayepiga piano ng'ambo hakujua jina la mpagazi hata mmoja.

Je, hayo yamepita? Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walibaki wapatao 43,000. Sehemu kubwa ya waliopotea waliishi Selous na Ruaha, majirani zetu wa kusini. Novemba 2013, katika bandari ya Zanzibar, kontena lilikamatwa likiwa na pembe zilizofichwa kati ya magunia ya makombe ya baharini. Miaka karibu sitini baada ya filamu ile, bandari ilikuwa ile ile. Jahazi tu ndilo lililobadilika kuwa kontena.

Lakini safari hii mkono wa sheria ulifika mbali zaidi. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu mfanyabiashara raia wa China, aliyeitwa na magazeti Malkia wa Pembe za Ndovu, pamoja na Watanzania wawili, kifungo cha miaka 15. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2017, China yenyewe ilifunga soko lake halali la pembe. Hapo ndipo mnunuzi, aliyekaa gizani muda mrefu hivyo, alipoanza kuulizwa.

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la Dodoma latokana na neno Idodomya, yaani amezama, kwa sababu ya tembo aliyezama kwenye tope alipokwenda kunywa maji. Mji wetu basi umebeba jina la mnyama aliyekwama. Katekisimu inatufundisha kwamba amri ya saba haimhusu anayeiba peke yake, bali na yule anayeshika kwa makusudi kitu kilichoibwa. Kila tunaponunua kwa bei ya kutupa kitu ambacho hatuulizi kimetoka wapi, kiwe mkaa, mbao, nyamapori au simu ya mkononi, tunakalia kiti kile ambacho filamu ya mwaka 1954 ilikiacha kitupu. Na tuulize kabla ya kulipa.