Mapipa ya Koko na Barua za Wanafunzi

Yanapotajwa maafa ya mazingira yaliyosababishwa na binadamu, wengi wetu hukumbuka Bhopal ya mwaka 1984 au Chernobyl ya mwaka 1986. Koko haitajwi sana. Hata hivyo, mji huo mdogo wa bandari kusini mwa Nigeria una nafasi kubwa katika historia ya sheria za kimataifa kuhusu taka za sumu, na waliosaidia kuufichua uovu uliotendeka pale walikuwa wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma ughaibuni, kama sisi.

Chanzo chake kilikuwa bei. Katika miaka ya 1980 sheria za mazingira zilikazwa Ulaya na Marekani, na gharama za kuteketeza taka za viwandani zikapanda. Wafanyabiashara wakaanza kutafuta nchi maskini za kupokea taka hizo kwa fedha kidogo. Guinea-Bissau, kwa mfano, iliahidiwa dola milioni 600 ili ipokee tani milioni 15, yaani dola 40 kwa tani. Kwa nchi yenye madeni, hicho kilikuwa kishawishi kikubwa. Mpango huo uliachwa mwaka 1988 baada ya kelele kupigwa.

Koko hakukuwa hata na mkataba wa serikali. Kuanzia mwaka 1987 meli zilileta kutoka Italia maelfu ya mapipa yenye jumla ya zaidi ya tani 3,000 za taka, zikiwemo kemikali za PCB. Nyaraka zilidanganya kuhusu mzigo uliokuwa ndani. Mapipa yalirundikwa katika uwanja wa mkazi mmoja aliyelipwa kodi ya dola 100 hivi kwa mwezi. Jua na mvua vikayapiga, mengine yakavimba na kuvuja, na watu wakaendelea kuishi pembeni yake.

Habari ziliandikwa kwanza katika magazeti ya Italia. Wanafunzi wa Kinigeria waliokuwa huko walizisoma, wakaelewa maana yake, wakaandikia magazeti ya nyumbani. Mwezi Juni 1988 Nigeria nzima ilijua. Serikali ilimwita balozi wake kutoka Roma, ikaikamata meli moja ya Italia, na mwaka huohuo ikatunga sheria inayotoa kifungo cha maisha kwa anayeingiza taka za sumu. Italia ililazimika kuyarudisha mapipa. Meli ya Karin B iliyobeba sehemu ya mzigo huo ilikataliwa Hispania, Uingereza na kwingineko kabla ya kufika Livorno. Taka zilizoonekana zinafaa kukaa Koko hazikupata bandari ya kuzikaribisha Ulaya.

Mei 1988, kabla kashfa ya Koko haijalipuka, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeshatamka kwamba kutupa taka za sumu barani ni jinai dhidi ya Afrika na watu wake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi na likiongozwa wakati huo na Mmisri Mostafa Tolba, lilisimamia majadiliano yaliyozaa Mkataba wa Basel tarehe 22 Machi 1989. Mkataba huo haukupiga marufuku biashara hiyo. Uliiruhusu mradi nchi inayopokea ijulishwe na kukubali kwa maandishi.

Hapo ndipo nchi nyingi za Afrika zilipokataa kuridhika. Koko ilikuwa imeonyesha jinsi ridhaa inavyonunuliwa kwa dola 100 na karatasi za uongo. Mwaka 1991 zikapitisha Mkataba wa Bamako, unaokataza kabisa kuingiza taka za sumu Afrika. Mwaka 1995 wanachama wa Basel nao walikubaliana kuzizuia nchi tajiri kupeleka taka hizo katika nchi zinazoendelea, lakini marekebisho hayo yalianza kutumika Desemba 2019. Marekani, nchi tunayosoma, ilitia saini Basel mwaka 1990 na haijauridhia mpaka leo.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Agosti 2006, mikataba yote miwili ikiwa inatumika, taka kutoka meli ya Probo Koala zilimwagwa usiku sehemu mbalimbali za Abidjan, Ivory Coast. Serikali ilisema watu zaidi ya 15 walikufa, na zaidi ya 100,000 walitafuta matibabu. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Ivory Coast ilikiuka haki za raia wake, ikiwemo haki ya kupata habari.

Tunaona basi kwamba mikataba ilikuja baada ya maafa, na kwamba pale ambapo watu hawajui ni nini kinashushwa bandarini, karatasi peke yake haiwakingi. Wanafunzi wale wa Italia hawakuwa na cheo. Walijua lugha ya nchi walimosoma, walisoma magazeti yake, na hawakusahau njia ya kupeleka habari nyumbani. Sisi tunazo lugha hizo mbili. Kilichobaki ni kuyasoma magazeti.