Usicheke Gitaa Langu la Mgongo wa Karai

Wasee, majuzi nimenunua gitaa la mtumba hapa Nakuru, Ovation. Beshte yangu akaligeuza, akacheka: "Buda, umeuziwa karai!"

Tulia nikupe stori. Ovation zilianza Marekani mwaka wa 1966. Mwanzilishi, Charles Kaman, alikuwa mtu wa kuunda helikopta. Mgongo ni wa faiba, kwa hivyo haupasuki kama mbao ikikauka. Langu liliumwa kwingine: betri ilikuwa imevuja, na kibao kinachoshika nyuzi kimeng'oka. Nikasafisha kutu, nikapaka gundi, nikabana usiku mzima, nikaweka nyuzi mpya. Likaimba.

Na karai si kitu kigeni huku. Wakipsigis wana chepkong, bakuli lililowambwa ngozi na kufungwa nyuzi. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wakiimba "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, Mmarekani wa gitaa waliyemsikia kwenye santuri. Sauti ngeni, wakaiweka kwa chombo chao.

Sisi tunarithi vyombo, tunaviacha vioze. Kabla ucheke karai langu, muulize babu yako chepkong iko wapi. Langu nimelitengeneza. Yake je?