Ufikivu: Sifa ya Mahali, Si ya Mtu

Anayefungua mipangilio ya simu yake kwa Kiswahili hulikuta neno "ufikivu". Ndani yake mna kukuza maandishi, kusomewa skrini kwa sauti na maelezo yaliyoandikwa chini ya video. Wengi wetu tumelijua neno hili kwa njia hiyo, tukaliona ni jambo la simu. Kwenye ujenzi na mipango ya mji watu husema zaidi "miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu". Nataka kulichukua neno ufikivu nilipeleke mtaani, kwenye uwanja wa kupumzikia na kuchezea watoto, na mtaa ninaoufikiria ni Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, njia ya Bububu.

Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hapa, accessibility, lina asili ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukaribia mahali. Kiswahili kimejenga lake kutokana na fika, kitenzi chenye uzao mkubwa: fikia, fikisha, fikika, fikiana. Hapo ndipo penye mazungumzo. Viambishi -vu na -fu mara nyingi humsifu mtendaji: msikivu ni anayesikiliza, mvumilivu ni anayevumilia, msahaulifu ni anayesahau. Kauli ya kutendeka hukisifu kile kinachotendewa: sauti inasikika, mzigo unabebeka, njia inapitika. Kwa mantiki hiyo "mfikivu" angekuwa mtu hodari wa kufika, ilhali tunachotaka kukieleza ni sifa ya mahali. Ndiyo maana yapo maandishi yanayotumia "ufikikaji". Ni neno linalousumbua ulimi kidogo, lakini kisarufi limesimama panapostahili.

Mimi sioni haja ya kulifukuza ufikivu, maana limeshaenea. Tulifunge tu na kitenzi chake: bustani inafikika, au bustani haifikiki. Kinyume hicho ndicho chenye uzito. Tukisema "bibi hafiki bustanini", tunaanza kuzungumzia magoti ya bibi, umri wake, macho yake. Tukisema "bustani haifikiki", tunalazimika kutazama ngazi, mchanga unaomeza magurudumu, mtaro usio na kifuniko. Hili ndilo wazo lililomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009: ulemavu hutokea pale hali ya mtu inapokutana na vizuizi vilivyowekwa na jamii. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinahusu ufikivu wenyewe, na cha 30 kinataja burudani, mapumziko na michezo, watoto wakiwemo. Zanzibar ilikwishapitisha sheria yake ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka huohuo wa 2006, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ulikuwapo tangu 1985. Kwa hiyo dai hili si geni hapa kwetu, na halikungoja istilahi.

Kuhusu "rafiki" nina shaka kubwa zaidi. Ni neno zuri, lina huruma, lakini urafiki haupimwi kwa futi kamba. Mkandarasi akiambiwa ajenge njia rafiki atamwaga zege lenye mteremko mkali mbele ya ngazi, apige picha na kuondoka. Akiambiwa njia ifikike, ataulizwa kipimo. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 tu kinataka njia mteremko ya mita 1.8, na tofauti ya nusu mita inataka mita 6, pamoja na mahali tambarare pa kupumzika na vishikio pande zote mbili. Kiti mwendo kinahitaji duara la mita 1.5 hivi ili kigeuke. Vipimo hivi viwepo kwenye mchoro kabla ya mti wa kwanza kupandwa, kwa sababu uwanja ukishajengwa, kuupanua mlango ni kuuvunja ukuta.

Istilahi ya pili inayotembea na hii ni "usanifu kwa wote". Aliyeieneza dhana yake ni Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyepata polio utotoni na kutumia kiti mwendo maisha yake. Mwaka 1997 yeye na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walitoa kanuni saba za usanifu huo. Ya kwanza ndiyo inayonigusa: kitu kitumike na watu wote kwa namna ileile inapowezekana, bila kumtenga yeyote. Hapo ndipo neno letu "jumuishi" linapofanya kazi vizuri. Linatoka katika ukoo wa jamii, jamaa, jumuiya na Ijumaa, wote wa kukusanyika. Kinyume chake ni "maalumu". Mlango maalumu huwekwa nyuma, karibu na jaa. Pembea maalumu hufungiwa pembeni, mtoto akabembea peke yake akiwaona wenzake kwa mbali. Uwanja wa namna hiyo unafikika lakini haujajumuisha, na mpango wowote unaotumia maneno haya mawili kama visawe utamsahau mtoto huyo.

Mtoni ina kumbukumbu nzito ya bustani iliyokuwa ya wachache. Jumba la Mtoni, kasri la Sultani Seyyid Said kando ya kijito kinachoingia baharini, ndipo alipozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 alieleza ua mkubwa walimokuwa wakitembea tausi, paa na mbuni. Ulikuwa ua wa watu wa nyumba ile, na leo jumba ni magofu. Hata Bustani ya Forodhani, inayojaa watu kila magharibi, ilianzishwa miaka ya 1930 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Ilipokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya Julai 2009, iliboreshewa njia, taa na sehemu za wauza vyakula. Ni bustani ya mji mzima na ya wageni. Uwanja wa mtaa ni kitu kingine: unapimwa kwa umbali ambao mtoto anaweza kuutembea bila kuvuka barabara kuu.

Na hapo linakuja neno lenye sarufi ya kutazamwa zaidi ya yote: "ushirikishwaji". Lichambue: shiriki, shirikisha, shirikishwa. Kuna anayeshirikisha na kuna anayeshirikishwa. Mwenye mradi amekaa juu, wakazi wamealikwa mwishoni mkutanoni, wakaonyeshwa mchoro uliokwisha kuchorwa, wakasaini mahudhurio. Neno halina kosa. Linaeleza kwa uaminifu jambo linalotokea. Linganisha na jina la mpango wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, uliofanywa miaka ya 2010 na idara ya mipango miji ya Zanzibar pamoja na washirika kutoka Uholanzi: "Ng'ambo Tuitakayo". Nafsi ya kwanza wingi imesimama mwanzoni mwa kitenzi. Katika kazi ile wakazi waliulizwa sehemu wanazozithamini, zikachorwa kwenye ramani: baraza za kahawa, viwanja vya mpira, maduka ya zamani. Kibera nako, Nairobi, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likijenga viwanja pamoja na wakazi tangu 2006, na vikundi vya wakazi wenyewe huviendesha.

Tuseme basi watu wa Mtoni nao wanauchora uwanja wao kwa nafsi ya kwanza wingi. Kikao cha sheha kikae mahali ambapo mtumiaji wa kiti mwendo anaingia kwa mlango uleule, na mkalimani wa lugha ya alama awepo tangu dua ya kufungua. Mengine yatasemwa na watu wenyewe. Asiyeona atataka ukingo wa njia uguswe kwa fimbo nyeupe, na mimi ningeongeza asumini na kilua kwenye njia panda, ili harufu imwambie amefika wapi. Kiziwi atataka taa, kwa sababu gizani mazungumzo yake hukatika. Kina mama watauliza choo kiko wapi na kama mlango wake unaonekana kutoka njiani. Wazee watataka baraza, na baraza yetu ya mawe ni hazina ya usanifu iwapo itainuliwa kiasi cha sentimita 45 au 50, mtu aweze kuinuka bila kuvutwa mkono. Iachwe nafasi ya kiti mwendo katika mstari wa baraza, si mbele yake, ili mwenye kiti akae bega kwa bega na wenzake na asiwe mgeni anayetazamwa.

Lango litaleta ubishi. Wakazi watataka nguzo za chuma ili vespa na bodaboda zisikatize penye watoto. Nguzo zikibanana, kiti mwendo hakipiti. Zikiachana sentimita 90, pikipiki inapita pia. Sijaona nguzo inayoumaliza mgogoro huu yenyewe. Kinachosaidia ni lango kuwa mbele ya macho ya watu: duka la jirani, baraza ya wazee, mlinzi anayelipwa. Jambo hili fundi hawezi kuliamua ofisini, kwa sababu ni wakazi wanaojua nani hukaa wapi saa ngapi.

Mwisho kuna ufagio. Katika mtaa wa pwani mchanga hurudi njiani kila siku, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta tope na kujaza mitaro. Njia iliyopimwa vizuri ikifunikwa na sentimita chache za mchanga haifikiki tena, hata kama mchoro wake unasema inafikika. Kwa hiyo zamu ya kufagia, pesa za vifuniko vya mitaro na jina la anayeshika ufunguo wa choo ziandikwe katika mpango uleule, chini ya kichwa kilekile cha ufikivu.