Mabikira Watatu wa Tesalonika na Watesaji Wao: Watu wa Mchezo Mmoja wa Kale

Jubilei ni wakati wa kukumbuka. Parokia inawakumbuka walioileta Injili, waliojenga, waliotutangulia katika imani. Nalo Kanisa zima, tangu mwanzo, limewakumbuka wafiadini wake katika Misa, katika litania, katika sanamu, na pia katika mchezo wa kuigiza. Kwa kuwa vijana wa parokia nyingi hupenda kuonyesha mbele ya watu mateso ya watakatifu, tumeona vema kueleza hapa mchezo mmoja wa zamani sana wa namna hiyo. Tutawatazama watu waliomo: kila mmoja ni mfano wa nini, na anatufundisha nini.

Mchezo huo uliandikwa katika karne ya 10 na mwanamke, jina lake Hrotsvit. Aliishi katika nyumba ya watawa ya Gandersheim, nchi ya Saxonia, katika Ujerumani ya leo. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 852, na wakati wa Hrotsvit iliongozwa na Mama Mkuu Gerberga, binti wa ndugu yake Kaisari Otto wa Kwanza. Watawa wa hapo walijua Kilatini, wakasoma vitabu vya Warumi wa kale. Kati ya hivyo ilikuwamo michezo ya Terentius, yenye lugha tamu, lakini yenye kusimulia mara nyingi hila za vijana wapenda anasa. Hrotsvit aliona kwamba Wakristu walivutwa na uzuri wa lugha, kisha wakachafuliwa na habari zenyewe. Basi akashika chombo kilekile, akakitia kinywaji kingine: akaandika michezo 6 ya kusifu usafi, toba na ushujaa wa imani. Mmojawapo huitwa kwa jina la mtesaji, Dulcitius. Maandiko yake yalisahauliwa muda mrefu, mpaka mwalimu Conrad Celtis alipoyakuta mjini Regensburg mwishoni mwa karne ya 15, akayapiga chapa Nürnberg mwaka 1501.

Wa kwanza kutokea ni Kaisari Diocletianus. Yeye ni mfano wa mamlaka isemayo kwa upole kabla ya kupiga. Hawatishi mabikira mara moja. Anawaahidi waume wakubwa wa jumba lake, mradi wamkane Kristu. Wanapokataa, anawaita wenye wazimu. Mwenye nguvu asiposhinda kwa zawadi, humwambia mnyonge kwamba amepotewa na akili.

Kisha kuna ndugu watatu: Agape, Chionia na Irene. Majina yao ni ya Kigiriki: la kwanza ni upendo, la pili latoka katika neno la theluji, ndiyo weupe usio na doa, la tatu ni amani. Hao si watu watatu wenye tabia mbalimbali. Ni ushuhuda mmoja wenye vinywa vitatu. Mmoja akinyamazishwa, mwingine anaendelea.

Wa tatu ni liwali Dulcitius, mfano wa mkubwa aliyetawaliwa na tamaa. Anaagiza mabikira wafungwe katika chumba kilicho karibu na jiko, mahali pa kuwekea vyombo, apate kuwaendea usiku. Lakini Mungu anampofusha akili: anakumbatia vyungu na masufuria, anayabusu, huku mabikira wakimchungulia kwa nyufa za ukuta na kucheka. Anapotoka, amejaa masizi mwili mzima. Askari wake wanamdhania shetani, wanakimbia. Mabawabu wa jumba wanampiga na kumfukuza. Yule aliyetaka kuwaaibisha mabikira anabaki yeye mwenye aibu, naye ndiye wa mwisho kuijua.

Anayechukua nafasi yake ni Sisinnius, mtesaji wa namna nyingine. Huyu hana mzaha. Anaamuru Agape na Chionia watupwe motoni. Roho zao zinaondoka kwa sala, nayo miili na nguo zao haziguswi na moto. Irene anamtisha kwamba atapelekwa katika nyumba ya uasherati. Yeye anajibu kwamba dhambi haipo pale moyo usipokubali. Vijana wawili wenye kung’aa wanawakuta askari njiani, nao Irene anapelekwa juu ya mlima. Sisinnius anauzunguka mlima asijue pa kupanda wala pa kurudia. Mwishowe mshale unamwua bikira, naye anakufa akifurahi.

Tusiwasahau askari. Wao hawana majina, hawana chuki, wanatii tu. Kwa mkono wao kila ubaya unatendeka, na kila mara wanaona ajabu, lakini amri inayofuata wanaitii tena.

Sasa tuulize: hayo yote yalitokea kweli? Ndugu hao watatu waliishi kweli, wakauawa Tesalonika mwaka 304. Kanisa limehifadhi habari ya kale ya hukumu yao, na humo hatukuti vyungu wala masizi. Mwaka 303 ilitoka amri ya kuteketeza vitabu vitakatifu vya Wakristu. Irene alikuwa ameficha maandiko hayo. Dulcitius alikuwa liwali wa Makedonia, naye ndiye aliyehukumu toka mwanzo hadi mwisho. Anauliza maswali kwa utaratibu: nani alikushauri kuvificha, mliviweka wapi, nani mwingine alijua. Mmoja wa wanawake walioshtakiwa pamoja nao, Eutychia, alikuwa na mimba. Liwali akaagiza awekwe kifungoni kwanza, kama sheria ilivyotaka. Kisha akawatoa Agape na Chionia wafe kwa moto, na baadaye Irene.

Hapo ndipo tunaona jambo kubwa. Mtesaji wa kweli hakuwa mpumbavu. Alikuwa mtu wa ofisi, mwenye sheria mezani na mwandishi kando yake. Hadithi za baadaye zilimgeuza kuwa kichekesho, na Hrotsvit akaipokea hadithi hiyo kwa furaha. Hatumlaumu. Alitaka wasikilizaji wake, wanawake wengi wao, wajue kwamba nguvu za mwovu zina mpaka, na kwamba mnyonge mwenye Mungu anaweza hata kumcheka. Kicheko hicho ni tangazo la imani. Lakini tukibaki na kicheko tu, tutadhani kwamba mtesaji hujulikana siku zote kwa uso mweusi wa masizi. Hapana: mara nyingi uso wake ni safi, na karatasi zake zimepangwa vizuri.

Nchi yetu ya Kongo inayajua hayo. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, mtawa wa Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuwa alikataa kuvunja ahadi yake ya ubikira, naye akamsamehe aliyemwua. Yeye ni ndugu wa kweli wa Irene. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa mtu wa ofisi huko Goma, mwenye kazi ya kukagua vyakula vinavyopita mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiwafikie watu, akauawa mwaka 2007, mwenye umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri Roma mwaka 2025. Katika mchezo wa Hrotsvit mtu wa ofisi ndiye mtesaji; huko Goma mtu wa ofisi ndiye mfiadini.

Kwa hiyo, vijana wapendwa mtakaocheza habari za watakatifu, msimwachie yule anayeonyesha liwali kupiga kelele na kukunja uso tu. Mpeni kiti, meza na kalamu, aseme kwa sauti ya upole, ili kila aliyekaa mbele yenu ajiulize moyoni kama kiti hicho hakifanani na chake. Na anayeonyesha askari ajue kwamba sehemu yake si ndogo: amri haitendeki mpaka mtu mmoja akubali kuitii.